Mratibu wa Kompyuta Zilizofunikwa

Nimekutana na wezi wengi wa miradi, wa Dar es Salaam na wa hapa kwetu Kigoma, na karibu wote niliwapenda kuliko nilivyompenda Mratibu. Mwizi wa mradi unamwelewa. Anajenga nyumba ya vigae, ananunua pikipiki, anaongeza mke, na mradi ukifa unajua ulikozikwa. Mratibu hakuiba hata msumari. Nilimchunguza kwa muda mrefu nikitafuta kosa, sikulipata. Alikuja kazini na baiskeli iliyochomelewa shingoni, alikula ugali wa muhogo na dagaa kama sisi, na nyumba yake ya Ujiji ilivuja kila masika. Mtu huyo mwaminifu ndiye aliyewanyima vijana wa Mwanga na Katonga kitu walicholetewa wao, mwaka hadi mwaka, bila yeye mwenyewe kufaidika. Ningemheshimu kidogo kama angeiba.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti ziliingia kutoka Kongo zimeelemewa na watu na magodoro, wengine walivuka kwa miguu kutoka Burundi, na kambi za Kasulu na Kibondo zikawa miji mikubwa kuliko mji wetu. Magari meupe yenye antena ndefu yalijaa barabarani. Mashirika yalitaka watu wa ofisini, wa kuingiza majina ya wakimbizi, wa kuandika taarifa, wa kujua mablanketi yameingia mangapi na yametoka mangapi. Kazi hizo zilitaka kompyuta, na vijana wa Kigoma hawakuijua kompyuta. Basi wakaja vijana wa Dar na Arusha, wengine kwa treni, wengine kwa ndege, wakazichukua. Wetu wakabaki kupakua magunia. Watu wa mjini walinung'unika mpaka wafadhili wakasikia. Wakapanga nyumba karibu na soko la Mwanga, wakaleta kompyuta kumi, wakatangaza kwamba hicho ni kituo cha vijana wa mjini wanaoishi katika mazingira magumu. Kisha wakatafuta mtu mwaminifu wa kukiongoza, na kwa bahati mbaya wakampata.

Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo ya kahawa huko Kalinzi, na nadhani katika stoo ile hakutoka kamwe. Alitembea kama mtu anayepita kati ya magunia, mabega yamebanwa, mkono mmoja mbele. Funguo alizivaa shingoni kwa kamba ya viatu, chini ya shati, na akikaa kuzungumza nawe alizishika kupitia kitambaa cha shati kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Hakuelewa kwamba kuna vitu ambavyo vikitumika ndipo vinapoongezeka. Kwake kilichotumika kilikuwa kimepungua.

Kompyuta zilifunikwa. Juu ya mfuniko wa plastiki uliokuja nazo alitandika vitambaa vya kufuma, vile tunavyoweka juu ya makochi na redio, vyenye maua pembeni. Mke wake alivifuma vyote kwa mkono, kila kimoja na rangi yake. Ukiingia darasani ungedhani umekaribishwa sebuleni kwa watu waliotoka kuoana juzi.

"Vumbi la Mwanga lina chumvi," alisema. Nani alimwambia vumbi lina chumvi, sijui. Mimi nina diploma ya kompyuta na sijawahi kusoma jambo hilo popote.

Niseme habari za hiyo diploma, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikuwa na haki ya kumdharau. Niliondoka Kigoma kwa treni, daraja la tatu, nikiwa na begi moja na mfuko wa migebuka wakavu, samaki wa ziwa letu, ambao mama alinifungia. Dar usiku nililinda ghala la watu, mchana nikasoma. Hakuna mjomba aliyenilipia ada, hakuna padri, hakuna shehe. Nilikaa darasa moja na vijana walioletwa chuoni kwa magari ya baba zao, na matokeo yalipobandikwa walisukumana kulitafuta jina langu wajue huyu mtu wa Kigoma ni nani. Ningeweza kubaki Dar. Niliitwa sehemu mbili. Nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, nikijua hakuna mtu kuanzia Ujiji mpaka Katonga aliyekuwa na kile nilichokuwa nacho kichwani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mratibu aliniajiri siku hiyo hiyo niliyoingia. Baadaye nilielewa kwamba aliajiri diploma. Wafadhili walikuwa wamemwuliza kama ana mkufunzi mwenye cheti. Akaipeleka diploma yangu kwa fundi wa picha pale sokoni, akaiwekea fremu na kioo, akaitundika ukutani juu ya kompyuta ya kwanza. Nilipoidai alinijibu kwa upole:

"Ikikaa kwako itapata mende. Hapa iko salama."

Tangu hapo jina langu likawa Diploma. "Diploma, waambie vijana wasiegemee meza." "Diploma, funga dirisha, upepo wa ziwa unaingia."

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Wanafunzi waliandika kwenye makatoni. Alikata katoni za sabuni kwa kisu cha jikoni, akachora kibodi kwa kalamu nyeusi, kwa uangalifu mkubwa, kila herufi mahali pake, na kila kijana akapewa yake. Walikaa barazani wakigonga katoni kwa vidole huku wakiimba herufi kwa pamoja, kama watoto wa madrasa. Vidole vyao vilikuwa vyepesi kuliko vya makarani wengi niliowaona Dar. Ijumaa baada ya swala kompyuta moja ilifunuliwa. Wanafunzi walisimama ukutani. Mratibu alinawa mikono, akaikausha, akabonyeza swichi yeye mwenyewe, kioo kikawaka, na hapo nikaruhusiwa kuonyesha mambo kwa fimbo, bila kuwasogeza karibu. Kisha aliizima mwenyewe na kuifunika. Kijana aliyeuliza kama anaweza kugusa kipanya aliambiwa:

"Mwanangu, hicho si chako, ni cha vijana."

"Mimi si kijana, Mzee?"

"Wewe ni mmoja. Hiki ni cha wote."

Wenzake walicheka, naye Mratibu akacheka, akidhani wamefurahia hekima yake.

Sitamnyima haki yake. Umeme wa Kigoma miaka ile ulikuwa wa jenereta, ulikuja na kuondoka ulivyotaka, na ukirudi ulirudi kwa hasira. Aliogopa jambo la kweli. Lakini dawa yake ni stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, nami nilimwambia hivyo wiki ya kwanza. Ikanunuliwa. Akaiweka kabatini ndani ya boksi lake, akaifungia.

Nje ya chumba kile alikuwa mtu mwingine, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Alijua jina la mama wa kila mwanafunzi. Asubuhi alipita kati ya wauza mboga akiwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye," akiuliza mguu wa huyu umeponaje na mtoto wa yule amefaulu vipi. Kijana mmoja alipougua malaria ya kupanda kichwani, Mratibu alimpakia kwenye baiskeli akaisukuma mpaka hospitali, kisha akaiacha baiskeli kwa ndugu wa mgonjwa waitumie kupeleka chakula, yeye akawa anatembea kwa miguu kutoka Ujiji. Mvua ilipobomoa nyumba ya wazazi wa mwanafunzi mwingine, aling'oa bati za jiko lake akawapelekea. Alikuwa tayari kuwapa vijana chochote kilicho chake. Kilicho chao ndicho alichowanyima.

Siku ya wageni ilikuwa Idi na Krismasi yake. Ofisi ya wafadhili iliyoko Dar ilimtuma mama mmoja, mnene, mpole, aliyetokwa na machozi upesi. Mratibu aliwaambia wanafunzi wasije na viatu vizuri. Msichana mmoja alikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya shangazi, akaombwa aiache nyumbani.

"Mgeni akiona saa atasema hali yenu si ngumu," aliwaeleza, na hakuona aibu yoyote.

Mama wa Dar aliketishwa barazani. Vijana wakaimba herufi, wakagonga makatoni macho yamefungwa, na mama akatoa leso. Kisha akaongozwa ndani, vitambaa vikafunuliwa kimoja baada ya kingine kama vyombo vya bibi harusi, na chini yake kompyuta zikang'aa kama zimetoka dukani asubuhi ile.

"Na vijana wangapi wamepata kazi?" aliuliza.

"Mama, hakuna hata moja iliyokwaruzika," Mratibu akajibu.

Nilidhani atarudia swali lake. Alipitisha kidole juu ya kioo, akakitazama, akakiona kisafi.

"Katika miradi yetu yote sijaona kituo kinachotunza mali kama hiki," alisema.

Mwaka uliofuata wakatuletea kompyuta nyingine tano. Mke wa Mratibu akanunua nyuzi.

Ningeweza kuvumilia, maana mshahara ulikuja na mimi nilikuwa na mipango yangu. Lakini mdogo wangu wa mwisho, Feza, alikuwa mwanafunzi pale. Alikuwa ameingia kabla sijarudi. Mama yetu alianika dagaa Katonga, na Feza alipomaliza shule alikuwa na njia mbili tu, dagaa au kituo. Mikono yake ilikuwa na vidonda vya chumvi. Aliniambia siku niliyorudi, "Kaka, mimi sitaki kunuka samaki mpaka nizeeke," na sikucheka, kwa sababu na mimi nilikimbia harufu hiyo hiyo.

Shirika moja mjini likatangaza kazi ya karani wa kuingiza majina, likasema safari hii linataka mwenyeji. Feza akaitwa kwenye usaili wiki iliyofuata. Nilimwendea Mratibu.

"Mzee, naomba umfungulie kompyuta moja. Jioni tu, wengine wakiondoka. Mimi nitakaa naye."

"Nikimfungulia mmoja, kesho wote watasema kwa nini si mimi."

"Ndiyo, wafungulie wote."

"Diploma, wewe umesoma, lakini hujawahi kukabidhiwa mali ya watu."

"Mzee, huyu binti kazi hii akiikosa anarudi kwenye dagaa."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli kabisa. "Nitamwombea," akasema. Na najua alimwombea.

Feza alikwenda amevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima. Nilimkuta mchana ule Katonga, amerudi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama alikuwa anageuza dagaa juu ya chanja.

"Imekuwaje?" nikamwuliza.

"Walinikalisha mbele ya kompyuta. Imezimwa. Dada mmoja akaniambia, haya anza. Nikaweka mikono mapajani."

"Kwa nini mapajani?"

"Nikawa nasubiri mwenyewe aje aiwashe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye kompyuta." Alisema hivyo akitazama chini. "Dada akaniuliza, unasubiri nini? Nikamwambia, nasubiri iwashwe. Akadhani namtania. Akaniuliza swichi iko wapi, nikamwonyesha. Najua iko wapi, kaka. Najua zote. Akasema basi bonyeza. Mkono haukwenda. Nikamwuliza kama Mzee ameruhusu."

"Mzee yupi?"

"Ndivyo na yeye alivyouliza."

Mama aliacha dagaa. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nakuacha uende kule umeoga, kumbe wanakufundisha kukaa. Kukaa si ungekaa hapa, ukanifukuzia kunguru?"

Kazi ilichukuliwa na kijana wa Dar. Kesho yake Feza alifunga kanga kiunoni akashika upande wa pili wa chanja.

Nilipomweleza Mratibu, alisema jambo ambalo sitalisahau. "Angalau alikuwa na adabu." Nikamwambia kwamba adabu hiyo ndiyo iliyomkosesha kazi. Nikamwambia kwamba ametengeneza kundi zima la vijana wanaojua kila kitu cha kompyuta isipokuwa kwamba ni yao. Nikamwambia mwenye stoo ya kahawa asiyeuza kahawa anafuga panya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Nikapanda juu ya kiti, nikaishusha diploma yangu ukutani na fremu yake, nikaondoka. Alinifuata mpaka mlangoni. Nilidhani anakuja kuniomba msamaha. Alikuja kuniambia niishike vizuri, kioo hakijakazwa.

Mambo niliyofanya baada ya hapo Mwanga nzima inayajua. Mfanyakazi mmoja wa shirika alikuwa anahama, akaniuzia kompyuta yake kuukuu. Nikapanga kichumba katikati ya mafundi cherehani, nikaanza kuchapa barua za watu, kadi za harusi, ratiba za misiba. Leo nina vyumba vitatu na jenereta langu. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla mteja hajaingia, nilimwita Feza, nikamkalisha, nikatoka nje. Nilimwambia kupitia dirishani awashe.

"Nikiharibu?"

"Utakuwa umeharibu."

Alikaa muda mrefu. Fundi cherehani wa jirani akaniuliza kama dada yangu ameingia kuswali. Kisha nikasikia feni ya kompyuta ikianza kuzunguka, na Feza akacheka peke yake mle ndani.

Aliharibu. Alifuta kazi za wateja, alichomeka kitu mahali si pake, siku moja kompyuta ikatoa moshi. Nilimfokea, nikatengeneza, akaendelea. Shirika lilipotangaza tena, alikwenda na kandambili, kwa sababu safari hii viatu hakuvifikiria. Akaanza kuandika kabla hawajamaliza kumweleza. Wakampa kazi. Akahamia Kasulu, akapata meza yake, na baadaye watu wa chini yake. Mama akaacha dagaa, si kwa sababu ya Mratibu, wala kwa sababu ya wafadhili wake.

Nilimwona Mratibu mara ya mwisho pale Katonga. Kambi zilikuwa zimeanza kupungua, watu wanarudishwa makwao, magari meupe yanaondoka moja moja, na wafadhili wa kituo walikuwa wameondoka nayo. Feza alikuwa likizo. Tulikuwa tunachagua migebuka asubuhi, boti zimeingia muda huo, nikasikia mtu anaita, "Binti yangu, binti yangu." Alikuwa amezeeka sana. Suruali imekunjwa, kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi. Nyuma yake walikuwa wageni wawili, mwanamume na mwanamke, wenye mabegi ya mgongoni, wakikanyaga kwa tahadhari kati ya magamba ya samaki.

"Huyu hapa," akawaambia, anahema. "Huyu ndiye niliyewaeleza. Alianzia kwetu. Leo ni mkubwa wa ofisi Kasulu. Tulimfundisha sisi."

Mimi hakunitaja, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika samaki. Yule mgeni wa kike akamgeukia Feza. Ilikuwa wazi kwamba wametembezwa mji mzima wakionyeshwa chumba na meza, na sasa, kabla ya kutoa fedha, wanataka kumwona mtu. Ilikuwa wazi pia kwamba neno moja la Feza lingetosha kuwarudisha kwenye ndege yao.

"Kweli dada ulisoma kwa Mzee?"

Nilimtazama Feza. Nilikuwa nasubiri kwa raha, nikiri hilo. Nilimsubiri aseme habari za mikono mapajani.

"Nilisoma pale," Feza akasema.

"Na ulijifunza nini?"

"Kuandika bila kutazama vidole. Mpaka leo ofisini hakuna anayenishinda."

Wageni wakafurahi, wakaandika. Mratibu alitikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Wageni waliposogea kutazama boti, Feza alimshika mkono.

"Shikamoo, Mzee. Sikukuamkia."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Vizuri."

"Mzee, hawa wakikupa kompyuta nyingine, waache vijana waziwashe wenyewe."

Aliupapasa mkono wake kwa upendo mkubwa. "Tutaona, mwanangu," akasema. "Kwanza wazilete."

Akaondoka kuwafuata wageni wake, bega mbele, akiwapisha wabeba matenga ya samaki. Tulimsikia akimwambia muuza dagaa mmoja, "Yule pale, aliyevaa nguo ya bluu, mwanafunzi wangu." Na mwingine. Na mwingine tena.

"Umempa mradi mwingine," nikamwambia Feza. "Umempa vijana wengine wa kuwakalisha barazani. Kwa nini?"

Alikuwa tayari anabishana bei ya samaki. Alilipa kwanza, akapokea, ndipo akanijibu.

"Miaka yote ile, kaka, na hana mwingine wa kumwonyesha mtu. Ni mimi tu. Mwache."

Yeye alimwacha. Mimi sikumwacha, na ndiyo maana nimeandika haya.